Kibuyu Kilichonitoa Kitini

Nakumbuka siku ambayo jirani yangu alinikuta nimelala chini ya kitanda changu mwenyewe, bila shati, jua limewaka, mgongo nimeubandika kwenye simiti. Nyumba ilikuwa yangu na hakuna aliyekuwa akinitafuta kwa ubaya. Alinitazama, nikamtazama. Nikamwambia, "Karibu." Mwanangu, mtu akikutwa mahali kama hapo hana neno jingine la kusema.

Nitakueleza nilivyofika huko chini, lakini kwanza nikuambie kilichonikumbusha. Mtoto wa ndugu yangu, Simiyu, anayehudumu katika baa ya hoteli moja Bungoma mjini, alikuja kunisalimu juzi na chupa ya bourbon, ile whisky ya Wamarekani. Mimi ni mtu wa kanisa, kwa hiyo nilionja kwa ajili ya elimu tu. Elimu hiyo ilinichoma hadi masikioni. Simiyu akaanza kunifundisha. Ati sehemu kubwa ya pombe hiyo ni mahindi. Nikamwambia kama ni mahindi, basi sisi watu wa Kitale tumelala. Ati huwekwa miaka ndani ya mapipa ya mbao yaliyochomwa moto kwa ndani, na mapipa hayo hupangwa katika ghala lenye orofa. Pipa la juu kabisa, karibu na paa, hupikwa na joto mchana na kupigwa na baridi usiku, pombe inaingia kwenye mbao na kutoka, inaingia na kutoka, mwishowe inakuwa kali, nyeusi, na uchungu wa mti. Pipa la chini, karibu na sakafu, hukaa kwenye ubaridi, linachelewa kuiva, lakini pombe yake inateleza kooni bila ugomvi. Pombe ni ile ile, mapipa ni ya mti mmoja, yamejazwa siku moja. Kilichoyatenga ni mahali yalipokaa.

Alieleza hayo akipunga mikono kama mhubiri wa mkutano wa hadhara. Halafu sauti ikamshuka, akageuza glasi mezani, akaniambia kwamba yule bibi aliyemwoa majuzi amebadilika. Kwao alikuwa mcheshi, hata kuku walimfuata. Tangu aingie kwake amekuwa mkali, anajibu neno moja moja. "Baba mkubwa," akasema, "nafikiri kwao walinificha kitu."

Nikaweka glasi chini. Nikamwambia avute kiti, kwa sababu habari hiyo naijua, na mimi ilinibidi nivue shati ndipo niielewe. Nawe mwanangu unayesoma, vuta chako.

Nilikuwa kijana, nimemaliza sekondari kule Kamukuywa kwa alama ambazo hatutazitaja hapa, nimehamia Tuwan, Kitale, natengeneza redio. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu tumboni. Mama yangu alisema hata kuzaliwa nilichelewa, nilikuwa sitaki kutoka. Wenzangu wakienda kutazama mpira, mimi nilikaa kwenye kiti changu na bisibisi, nikawasikiliza wakishangilia kwa mbali, ikanitosha. Hata mke nilimpata kwa sababu alileta redio mlangoni. Angeningoja sokoni, leo ningekuwa kapera mwenye mvi.

Jina lake Chemtai, binti wa Kapsokwony, kule juu mlimani, alikuwa akiuza viazi vya mlimani hapa Kitale. Redio yake ilikuwa inashika stesheni moja tu. Niliitengeneza polepole kuliko redio yoyote niliyowahi kugusa. Kila akija nilimwambia bado kitu kidogo. Siku aliponiambia kwamba anajua redio ilipona zamani, nikajua huyu ndiye.

Alipokuja kukaa kwangu, alikuja na vibuyu vya maziwa alivyopewa na mama yake. Wewe ambaye hujawahi kunywa mursik, maziwa yao ya kugandisha kibuyuni, nakuhurumia. Maziwa huchemshwa yakapoa. Kibuyu husuguliwa ndani na kijiti chenye moto cha mti fulani wanaoujua wao, mpaka mkaa wake ushike ukutani mwa kibuyu. Kisha maziwa humiminwa, kibuyu hufungwa, nacho huachwa kikae siku zake bila kusumbuliwa. Yakitoka vizuri yanakuwa mazito, yana vijivu vya mkaa, na ukinywa unanyamaza kwanza. Kwao binti aliyeolewa hupimwa kwa hayo. Baba yake, Mzee Kiboi, alikuwa ametuma neno kwamba akimaliza kuvuna mahindi atashuka kuona binti yake anakaaje, na kila mtu alijua maana yake: atakaa, atapewa kikombe, atakunywa, na hicho kikombe ndicho kitakachompelekea mkewe habari.

Basi Chemtai akafanya kila kitu kama alivyofundishwa. Maziwa yenyewe yalitoka kwao, yakishuka pamoja na viazi. Alipofungua kibuyu cha kwanza, harufu yake ilinipata nikiwa nimekaa kwenye kiti changu nyuma ya mlango. Nilikunywa. Nikasema ni matamu, na jicho moja likafumba lenyewe.

Akafanya tena. Yakatoka makali zaidi. Akabadilisha mkaa, akabadilisha kifuniko, akaosha kibuyu kama mtoto wa ubatizo, lakini wapi. Ndipo macho yakanigeukia mimi.

"Unafungua," akasema. "Nikienda sokoni unabaki hapa unachungulia."

"Nichungulie maziwa kwa nini? Kwani ni televisheni?"

"Si ndio kazi yako, kufungua vitu vya watu?"

Wakati huo huo nilikuwa na redio ya mtu mapajani, tumbo wazi.

Sikuwa nimechungulia, na naapa hivyo hadi leo. Lakini kuna jambo jingine alilokuwa akisema kila jioni, akiwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na jiko, chini ya rafu ya vibuyu, akijipepea na kifuniko cha sufuria. Alisema nyumba hii ni moto. Nami kila jioni, nikiwa nimeegemea kwenye kiti changu, nilimjibu kwa upole wa mtu aliyesoma, "Hapana bana. Nyumba hii ina hewa nzuri sana."

Shika hilo neno mwanangu, tutalirudia.

Akaanza kunyamaza. Yule msichana aliyekuwa akinitania mpaka nakosea waya, sasa alikuwa akiweka sahani mezani kama mtu anayegonga muhuri. Nami, kama Simiyu wangu huyu, nikaanza kujiuliza kimoyomoyo kama kule mlimani hawakunificha kitu.

Asubuhi moja nikamkuta anafunga vibuyu ndani ya leso. Hakupiga kelele. Alisema, "Nyumba yako imekataa maziwa yangu. Baba akija atapewa nini, soda? Nitafutie kinachoharibu humu ndani. Ukikipata, njoo uniite. Usipokipata, baba asihangaike kushuka." Akaenda zake, na mahindi kule juu yalikuwa yameshaanza kukauka majani.

Sasa nikabaki na nyumba, kitu nilichodhani nakipenda kuliko vyote duniani. Kimya cha kunitosha, kiti changu, hewa yangu nzuri. Mwanangu, ilikuwa mbaya. Hata redio nilizokwisha kuponya zilionekana zinaugua tena. Nikavumilia mpaka nikajikuta nazungumza na kigoda. Ndipo mimi, mtu ambaye kwenda kununua chumvi ilikuwa safari, nikaenda hadi Kimilili, nikapanda pikipiki kwenda Kapsokwony. Njia ile ni mwinuko mtupu, na kila kona dereva aligeuka kuangalia kama bado niko.

Mzee Kiboi alinipokea vizuri, akanikalisha nje, ubavuni mwa jiko. Nje, kwa sababu mama mkwe alikuwa ndani. Kwetu Wabukusu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni, na yule mama wa mlimani aliishika heshima hiyo kuliko sisi wenyewe. Kwa hiyo sikuwa nimewahi kuingia jikoni mwake wala kuona vibuyu vyake vinakaa wapi. Chemtai naye alikuwa amevizoea vikiwa mahali pake tangu utotoni, kama unavyozoea mahali pa mlango. Haikumjia kwamba mahali ni kitu cha kufundishwa.

Nikamweleza mzee shida yangu. Kabla hajajibu, sauti ikatoka ndani ya jiko, ikapita ukutani.

"Muulize huyo mtu kibuyu kilikuwa kinakaa wapi."

Nilisikia kila neno, lakini heshima ni heshima, nikangoja. Mzee akanigeukia. "Mama anauliza kibuyu kilikuwa kinakaa wapi."

"Mwambie kilikaa kwa rafu."

"Amesema kwa rafu," mzee akauambia ukuta.

"Muulize rafu iko wapi."

"Anauliza rafu iko wapi."

"Mwambie iko ukutani."

Nikasikia kikohozi kidogo humo ndani, nikakitambua kuwa cha Chemtai. Kisha ukuta ukasema, "Mwambie kuta ni nyingi. Avue shati."

Mzee alisita. Nami nilisita. Lakini aliyeshuka pikipikini kutafuta mke hana mengi ya kujadili, nikavua.

"Aweke mgongo hapa," ukuta ukasema, na mkono ukagonga udongo kutoka ndani. Nikauweka mgongo pale alipogonga. Palikuwa na joto, si la kuunguza, la kama ubavu wa ng'ombe. Huko ndiko moto ulikokuwa. Mzee akapokea kikombe mlangoni, akaniletea. Maziwa ya kibuyu kilichokaa pale yalikuwa ya haraka, machachu, yana moshi. Ni ya watu wanaoamka mapema kwenda shambani, mzee akaeleza, hayangoji mtu.

Mkono ukagonga pembeni. Nikasogea kinyumenyume kama kaa. Hapo palikuwa na uvuguvugu tu, na kikombe kilichokuja kilikuwa cha kati, maziwa ya kila siku yasiyokuwa na maneno. Ukagonga tena, chini kabisa, upande unaotazama mlimani ambako jua halifiki. Ilinibidi nikae kwenye majani, na ukuta ulipogusa mgongo wangu nikavuta pumzi, maana ulikuwa baridi kama mtungi. Kikombe cha pale nilikinywa nikanyamaza. Mazito, laini, na mwishoni utamu ambao hakuna aliyeuweka.

"Ng'ombe ni ule mmoja," akasema Mzee Kiboi, akinitazama nikilamba mdomo. "Hata siku ya kukamua ni moja. Hiyo maziwa yenu haina makosa."

Ukuta haukuwa umemaliza. "Muulize, kwake baridi iko wapi?"

Mwanangu, nilifungua mdomo nikiwa na uhakika, maana swali hilo lilikuwa rahisi. Nikasema nyumba yote ina hewa nzuri sana. Jikoni mtu akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, na hakuwa mama mkwe.

"Mwambie arudi aijue nyumba yake," ukuta ukasema. "Mtu anashinda ndani kama kuku anayeatamia, na hajui ukuta wake una joto wapi. Akijua, aje amchukue mke wake, na kibuyu kitapata mahali. Na avae shati, ng'ombe wanamwangalia."

Nilishuka mlima nikiwa nimebeba kibuyu kimoja kitupu walichonipa na aibu iliyojaa. Kesho yake nikaanza kazi. Nilivua shati nikaanza na ukuta wa rafu. Nilipoubandika mgongo tu nikaruka. Ukuta ulikuwa unawaka. Nikaweka sikio, nikasikia mafuta yakichemka. Upande wa pili alikaa Mama Nekesa, aliyekuwa akipika mandazi ya kuuza kila asubuhi, na jiko lake lilikuwa limeegemea ukuta ule ule. Maziwa yetu yalikuwa yakikaangwa pamoja na mandazi ya jirani tangu siku tulipohamia.

Nikajaribu juu ya kabati. Nilipanda meza nikagusisha utosi kwenye mabati, na hiki kipara mnachodhani ni cha uzee, mimi najua kilianza siku hiyo. Nikajaribu ukuta wa barabarani, jua la mchana likanikuta hapo. Nikafikiri labda chini ya kitanda. Ndipo Mama Nekesa alipoingia kuniletea mandazi ya huruma kwa kuwa sina mke, akakuta miguu.

Nilimwambia karibu, kama nilivyokueleza. Hakukaribia. Mama Nekesa ni mtu wa Bungoma kama mimi, na L na R kwake ni mapacha wanaovaliana nguo. Nilimsikia uani akipiga simu mpaka juu mlimani: "Chemtai, kuja haraka. Bwana yako amevua shati, anarara chini ya kitanda, anakumbatia kibuyu. Kwanza asubuhi alikuwa ananusa ukuta."

Kwa hiyo sikuhitaji kwenda kumwita. Siku iliyofuata Chemtai alisimama mlangoni, leso begani, vumbi la Kapsokwony miguuni, akiwa na uso wa mtu aliyekuja kuzika. Akanikuta nimesimama katikati ya nyumba, nimevaa shati, natabasamu. Nilikuwa nimepata.

Palikuwa nyuma ya mlango. Kwa nje kona ile ilikuwa imekingwa na tangi la maji la mwenye ploti, jua haliufikii ukuta tangu asubuhi hadi jioni, na upepo wa chini ya mlango hupita hapo hapo. Ukuta ulikuwa baridi kama ule wa mama mkwe. Nilikuwa nimechelewa kuupima kwa sababu moja tu: palikuwa na kiti changu. Siku ya kuhamia niliingia, nikazunguka, mwili ukajua wenyewe pazuri ni wapi, nikaweka kiti, nikaketi, na tangu hapo nikawa nautangazia ulimwengu kwamba nyumba hii ina hewa nzuri. Hewa yote nzuri nilikuwa nimeikalia.

Nikamweleza Chemtai yote, habari ya mandazi, mabati, tangi. Nikasogeza kiti changu kando kwa sherehe, nikakiweka kibuyu pale kama naweka jiwe la msingi. Nikamtazama nikingoja anisifu.

Alikitazama kibuyu. Akautazama ule ukuta wa mandazi, rafu tupu, na chini yake kigoda chake. Kisha akaniuliza taratibu, bila ukali wowote.

"Kibuyu kimepata mahali. Na mimi nikae wapi?"

Mwanangu, nimeulizwa maswali mengi, mengine na walimu wenye viboko. Hakuna lililonikalisha chini kama hilo, na ukumbuke sikuwa tena na pa kukaa. Miezi yote ile nilihangaika kujua kwa nini maziwa yamegeuka makali, na mwenye maziwa alikuwa ameketi kwenye joto lile lile, ukuta ule ule, akinieleza kila jioni kwa maneno ya Kiswahili safi, nami nikimjibu kutoka kwenye ubaridi.

Nilichukua kiti changu, kile chenye mto, nikakirudisha nyuma ya mlango karibu na kibuyu, nikampangusia, akaketi. Akafumba macho. Upepo wa chini ya mlango ukamchezea leso. Baada ya muda akasema, macho bado yamefumba, "Kumbe ni kweli. Nyumba hii ina hewa nzuri sana." Na hapo akacheka, kile kicheko cha zamani cha redio inayoshika stesheni moja.

Mimi nilibeba meza yangu ya redio nikaitoa nje barazani. Watu wa Tuwan husema fundi alikuwa mjanja, alijua kutafuta wateja. Waache waseme hivyo. Jua la barazani nalijua mimi na kichwa changu.

Mzee Kiboi alishuka baada ya mavuno. Aliketi, akapewa kikombe, akanywa, akanyamaza. Kisha akanyoosha kikombe aongezwe. Jioni akampigia simu mkewe mbele yetu, akamwambia maneno machache kwa lugha yao, akasikiliza, akanigeukia kwa uso wa mtu mwenye ujumbe rasmi. "Mama anasema," akaniambia, "sasa unaweza kuvaa shati."

Nilipomaliza, Simiyu alikuwa anaitazama ile chupa yake. Nikamuuliza mke wake anashinda wapi yeye akiwa kazini. Akaanza kunieleza, chumba kimoja, dirisha la upande wa jua, na mama yake Simiyu mlango wa pili anayesikia hata kijiko kikianguka. Alifika hapo akakoma mwenyewe. Sikumwongezea. Kijana alikuwa amenipa habari ya pipa na habari ya mke kwa pumzi moja, akadhani ni habari mbili.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, wala si ndefu. Mtu aliyekuwa mtamu kwao akigeuka mkali kwako, usikimbilie kuuliza alikotoka wala alivyofundwa. Uliza umemweka wapi. Vua shati, uzunguke nyumba yako ukutani, ukae pale anapokaa yeye, kwa saa zile anazokaa yeye. Na ukiona mahali ulipo wewe pana hewa nzuri sana, nyanyuka kwanza kabla hujaisifu nyumba.

Mungu akupe nyumba yenye kona moja baridi, akupe na mtu wa kumpisha pale. Maziwa yako yakae vizuri, ukuta wako uwe mbali na mandazi ya jirani, na siku mkweo akija kukupima, anyooshe kikombe mara ya pili. Nami ukipita Tuwan, utanikuta barazani. Chemtai yuko ndani, kwenye kiti.